Tulivyokisafisha Kisiwa cha Barbosa

Barua ilikuja mwezi wa Machi. Bibi aliniita niisome kwa sauti kwa sababu miwani yake mipya ilikuwa bado inamtia kizunguzungu. Majirani walikuwa wamejaa uchochoroni wanasubiri, na mimi si mtu wa kusoma mbele za watu, kwa hiyo nikaikimbiza.

"Iria, unafukuzwa na mbwa?" Mzee Custódio akauliza. "Rudi hapo pa kampuni. Polepole."

Nikarudi. Mwenye nyumba alikuwa amekiuza kisiwa chetu chote kwa kampuni, na kampuni ilitaka kukibomoa ijenge vyumba vya wageni. Lakini kabla ya kubomoa, kamati ya majengo ya kale ingemtuma msanifu majengo aje kukiangalia. Akiandika kwamba kina thamani ya kihistoria, hakuna kubomoa, na wapangaji wanabaki. Akiandika kwamba hakina, tunapewa miezi mitatu tuhame. Angekuja Alhamisi ya pili ya Aprili.

"Haya," akasema Bibi. "Mgeni anakuja. Si mara ya kwanza mgeni kuja."

Hapa Porto nyumba kama zetu tunaziita visiwa, na chetu kiko mtaa wa Fontainhas. Mbele, barabarani, kuna nyumba ya heshima yenye vigae vya buluu na roshani za chuma. Pembeni yake kuna mlango mdogo ambao ukipita haraka huuoni. Ukiingia humo unatokea kwenye uchochoro, na kwenye uchochoro kuna nyumba kumi na mbili zimebanana kama meno, chumba kimoja chini na dari ya kulala juu, kuta za fito na chokaa. Mwisho kabisa kuna birika la jiwe la kufulia, na vyoo viwili vya watu wote. Barbosa ndiye aliyezijenga, miaka mia moja na thelathini iliyopita, kwa ajili ya watu wa viwandani. Yeye mwenyewe alikaa mbele, kwenye vigae.

Bibi yangu Ermelinda amekaa nyumba ya saba miaka hamsini na mmoja. Mimi nakaa naye kwa sababu mama yuko Luxembourg anasafisha ofisi, na huja Agosti na Krismasi. Kama kisiwa kingebomolewa, Bibi angekwenda kwa shangazi Piedade huko Gondomar, ghorofa ya sita, alale kwenye kochi sebuleni.

"Gondomar huwa naenda kuzika," Bibi alisema. "Siendi kuishi."

Wiki mbili zilipita kwa maneno matupu. Mzee Custódio alisema mkwewe fundi ataleta vifaa. Zulmira wa nyumba ya nne, anayeuza maua langoni pa makaburi, alisema yeye ataleta vyungu. Mkwe hakuonekana. Zulmira akasema mkwe huyo ni wa kufikirika, Custódio amemtunga ili aonekane ana ukoo.

Halafu ikaja Jumamosi ya safari yetu ya shule.

Darasa letu la sanaa lilipewa siku mbili za kutembea na msanifu majengo. Siku ya kwanza mjini, siku ya pili juu mtoni kwenye mashamba ya mvinyo. Msanifu huyo alikuwa anaitwa Bi Violante Sarmento, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kupandia mlima, na alikuwa na tabia ya kushika kuta. Yaani alipita mjini anapapasa kuta kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Pale Ribeira sisi tulikuwa tunapiga picha daraja na mto. Akatuambia tugeuke.

"Mbele nyumba inajipamba kwa ajili ya wapita njia," alisema. "Twendeni nyuma yake tukaone inaishije."

Akatupitisha kwenye ngazi zinazonuka mkojo wa paka, akatuonyesha mahali ambapo jiwe la kizingiti limeliwa na nyayo mpaka likawa kama bakuli. Aliinama akaligusa. Constança wa darasa letu akaninong'oneza kwamba yule mama anahitaji mume.

Mchana tulikula mikate yetu Foz, kwenye ukuta wa bahari, mawimbi yakiturushia chumvi. Nyumba za Foz ni kubwa, zina minara na bustani. Constança alituonyesha ya kwao. Bi Violante akaitazama huku anatafuna.

"Nzuri," akasema. "Mnajua aliyejenga nyumba kama hiyo alitoa wapi hela? Kwenye visiwa. Kila mnara hapa una uchochoro wake huko juu mjini, watu kumi kwenye chumba kimoja. Ukitaka kuuelewa mji huu lazima uingie kisiwani. Kuna mtu hapa anaishi kisiwani?"

Nilitazama mkate wangu.

"Iria, si wewe unakaa Fontainhas?" Constança akasema. Hakusema kwa ubaya, nafikiri. Yeye hata ubaya wake huwa anausahau. "Mama anasema huko vyoo viko nje, unasimama foleni na karatasi yako mkononi!"

Wakacheka. Mmoja akajifanya amebana miguu, anabisha hodi hewani. "Mama Zé, fanya haraka, nakufa!"

Bi Violante hakucheka. Alinigeukia. "Unaishi kisiwani?"

"Hapana," nikasema. "Tunakaa ghorofani. Karibu na huko."

"Ah," akasema. Akaendelea kula.

Nilikuwa na nafasi ya kujirudi siku nzima iliyobaki. Sikujirudi.

Jumapili tulipanda treni ya kwenda Pinhão. Treni inaambaa na mto Douro, na milima pande zote mbili imechongwa matuta mpaka juu, kila tuta lina ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na mizabibu ndiyo kwanza inatoa majani madogo. Tulikwenda shamba la Sobreiral. Nyumba ya wenye shamba ni nyeupe, ina kanisa lake dogo na miti ya machungwa mbele. Wote tukakaa chini kuichora.

"Mmemaliza?" Bi Violante akauliza. "Sasa nifuateni."

Akatupeleka nyuma ya ghala la mapipa. Kulikuwa na banda refu la mawe meusi, halina dirisha, lina mlango mmoja. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya panya. Kila upande kulikuwa na majukwaa ya mbao yaliyooza. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi, na kwenye masizi watu walikuwa wamechora kwa misumari: misalaba, majina, vijiti vya kuhesabu siku.

Nilijua ni nini kabla hajasema. Bibi alishanihadithia. Alishuka kutoka milimani kuja kuvuna zabibu akiwa na miaka kumi na mmoja, anatembea na wanawake wa kijiji nyuma ya ngoma na kodiani, na walilala kwenye banda kama hilo, wanawake arobaini juu ya majani makavu, wanaume upande wa pili wa turubai. Bibi anasema viroboto wa mule walikuwa na nguvu kuliko punda.

"Hili," Bi Violante akasema, "ndilo jengo muhimu kuliko yote kwenye shamba hili."

"Hili?" Constança akashika pua.

"Hili. Ile nyumba nyeupe imepakwa rangi upya mara ishirini, haina cha kuniambia. Hapa hakuna mtu aliyegusa. Masizi ni yaleyale, alama za misumari ni zilezile. Mwaka jana niliandika ripoti, na sasa ni mali ya urithi, hakuna anayeruhusiwa hata kufagia bila kibali. Watajenga hoteli kuzunguka hapa, lakini banda litabaki."

Akapapasa ukuta. Kisha akasema lile neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Shida yangu ni watu wenye bidii. Alhamisi nakwenda kukagua kisiwa kimoja huko Fontainhas, na naomba Mungu nikikute kichafu. Mwaka jana nilikwenda kingine, wamebandika vigae vya bafuni kila mahali, wamevunja birika. Nilitamani kulia. Niandike nini? Sheria inasema nilinde kilichobaki cha asili, na hakikubaki kitu. Wakabomolewa."

Ilibidi nimwendee pale pale niseme: Mwalimu, ni kwetu. Niambie tufanye nini. Sentensi fupi tu. Lakini jana yake nilikuwa nimemwambia nakaa ghorofani, na Constança alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, kwa hiyo nilichukua penseli yangu nikaanza kuchora ile misalaba.

Nikajiambia hakuna haraka. Bado hawajaanza. Mkwe wa Custódio ni wa kufikirika.

Nilifika nyumbani jioni, jua bado liko kwenye mapaa, na nikasikia kelele tangu barabarani. Mkwe alikuwa amekuja. Alikuwa mtu kweli, mnene, ana gari dogo la mizigo lililojaa masanduku ya vigae vya rangi ya maziwa, mabaki ya hoteli fulani, na mbao za jasi za kufunikia kuta, na saruji. Uchochoro wote ulikuwa unanuka chokaa mbichi. Watoto wamepakwa nyeupe mpaka nyusi. Zulmira alikuwa juu ya ngazi, sketi kaifunga kiunoni, anapaka na anaimba vibaya.

"Karibu Foz!" akanipigia kelele. "Vua viatu, usitie uchafu!"

Bibi alikuwa mlangoni kwake na brashi. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa amesimama wima.

"Umeona?" akaniambia. "Mnasema huyu mzee muongo. Umeona vigae?"

"Nani alisema mimi muongo?" Mzee Custódio akauliza.

"Kila mtu, Custódio. Nyamaza ufanye kazi."

Nikamwambia Bibi twende ndani. Nikamwambia kuhusu Sobreiral, kuhusu lile banda. Nilianza mbali kwa sababu ndivyo ninavyosema mambo, nazunguka.

"Wameliwekea sheria, Bibi. Hakuna kugusa. Hata kufagia."

"Banda la wavunaji?" Bibi akaweka brashi chini. "Lile la viroboto?"

"Ndiyo. Yule msanifu anasema ni jengo la maana kuliko nyumba ya mabwana."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Akatoka mlangoni. "Zulmira! Njoo usikie! Kule Douro wameweka ulinzi kwenye banda tulilokuwa tunalala! Eti kwa sababu ni chafu!"

"Basi Custódio naye awekewe ulinzi," Zulmira akasema kutoka juu ya ngazi.

"Mimi mnivunje tu," Mzee Custódio akasema. "Nimechoka."

Walicheka wote. Mkwe pia alicheka, na alikuwa hata hatujui.

"Bibi," nikasema, "lakini labda tusi..."

"Labda tusi nini?"

Alikuwa ananisubiri. Ana madoa ya chokaa kwenye nywele, macho yanang'aa. Nyuma yake niliona zile kuta za sebule yetu, zimejaa nyufa, na ile alama ya unyevu ambayo kila mwaka inarudi na umbo lile lile. Nikafikiria Alhamisi ile ikishapita, Constança akija siku moja kufanya kazi ya shule, akute vigae, akute vyungu vya maua pale penye vyoo. Nitasema ukweli: nilivitaka vile vigae. Nilivitaka tangu niko mdogo.

"Labda tusichelewe kula," nikasema.

Jumatatu walivunja vyoo. Waliviangusha kwa nyundo, na kila mlango ulipoanguka watu walipiga makofi. Zulmira alisema amewahi kusimama kwenye foleni ile akiwa na uchungu wa kuzaa, na aliomba nyundo apige mara moja, wakampa, akapiga mara nane. Nyumba zote siku hizi zina choo kidogo ndani, nyuma ya pazia, kwa hiyo havikuwa vinatumika tena. Vilikuwa vimesimama tu, vinatutia aibu.

Jumanne walikwangua fito za kuta, wakajaza saruji, wakapigilia mbao za jasi juu yake, nyumba hadi nyumba. Nilirudi shule nikakuta sebule yetu imekuwa ndogo na laini kama ndani ya sanduku la viatu. Bibi alikuwa anapitisha kiganja.

"Gusa," akaniambia. "Hakuna hata kimoja kinachokwaruza."

Nikagusa.

Siku hiyo nilijaribu tena. Nilimwendea Mzee Custódio, kwa sababu yeye ni mpole nikiwa naye peke yangu. Alikuwa amekaa pembeni ya birika anakunywa kahawa, nyundo miguuni. Birika lilikuwa la kesho. Ni jiwe moja kubwa lililochongwa, kingo zake zimelika mahali wanawake walipokuwa wanasugulia nguo, kila mmoja na bonde lake. Bonde la Bibi liko kushoto. Liko la mama yake Zulmira, ambaye alishakufa.

"Mzee Custódio, hili nalo lazima livunjwe?"

"Linavuja, mwanangu. Lina kuvu. Unataka Bi Msanifu aone kuvu?"

"Labda anapenda vitu vya zamani."

"Vya zamani, ndiyo. Hata mimi navipenda. Vya dhahabu." Akanitazama. "Una nini wewe? Kuna kitu walikuambia huko shule?"

Aliniuliza waziwazi. Hakuna aliyewahi kunifungulia mlango wazi kiasi kile. Na nikaona nikisema nitalazimika kusema yote: kwamba namjua huyo msanifu, kwamba aliniuliza na nikakana, kwamba nimejua tangu Jumapili na vyoo vimevunjwa jana huku nimekaa kimya. Kadiri nilivyochelewa ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

"Hapana," nikasema. "Nauliza tu."

"Basi nenda kasome. Uje uwe msanifu wewe, utukague vizuri."

Jumatano alilivunja yeye mwenyewe, hakutaka mkwe amsaidie. Ilimchukua asubuhi nzima. Mawe yalipelekwa jaani pamoja na milango ya vyoo, na mahali pake pakawekwa vigae vya maziwa na vyungu vitano vya maua ya Zulmira, yale yale ya makaburini.

Bi Violante alikuja Alhamisi saa nne. Bibi alivaa nguo ya kanisani na hereni za mazishi. Sikwenda shule, Bibi alisema lazima niwepo, nina Kireno kizuri. Nikasimama nyuma ya mlango.

Nilisikia viatu vyake vya mlimani vikiingia uchochoroni, halafu nikasikia vimesimama.

"Karibu, Bi Msanifu," Mzee Custódio akasema. Alikuwa amevaa tai. "Pita, usiogope, chokaa imeshakauka."

"Asante." Sauti ilikuwa ndogo. "Mmepaka lini?"

"Wiki hii! Siku nne! Watu wote, hata wazee. Hatukutaka ukute nyumba kama za mbuzi."

Alitembea polepole. Hakugusa kuta. Alifika mwisho, akasimama mbele ya vyungu.

"Kwenye ramani hapa kuna birika," akasema. "Na vyoo."

"Tumeviondoa!" Zulmira akasema. "Unaona maua?"

"Mawe yako wapi?"

"Jaani, Bi Msanifu. Usijali, tulisafisha mpaka vumbi."

Bi Violante aliandika kitu kwenye daftari. Kisha akaomba kuingia kwenye nyumba moja, na Bibi akasema ya kwake, bila shaka ya kwake, keki iko tayari. Hapo ndipo aliponiona. Nilikuwa nimeshika sahani.

Alinitambua mara moja. Nilijua kwa sababu mdomo ulifunguka kidogo ukafungika. Aliniangalia, akaangalia mbao za jasi, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukaitika kama sanduku tupu. Akaniangalia tena.

"Huyu ni mjukuu wangu Iria," Bibi akasema. "Anapenda majengo. Ni mwenye haya, msamehe, haongei."

"Naona," Bi Violante akasema.

Alikaa. Alikula vipande viwili vya keki ya mayai na kunywa glasi ndogo ya mvinyo mtamu, na akamuuliza Bibi alitoka wapi, na alikuja mjini lini, na kitanda kilikaa upande gani watoto walipokuwa wadogo. Aliandika yote. Aliuliza kama nyuma ya mbao ukuta wa zamani upo. Mkwe akasema hapana, fito zilikuwa zimeoza, walizikwangua kwanza wakajaza saruji, kazi safi. Bi Violante akafunga daftari. Alipoaga alimshika Bibi mikono yote miwili, na Bibi alifikiri ni dalili nzuri.

"Umemwona alivyonishika?" Bibi alisema. "Yule tumempata."

Barua ya pili ilikuja wiki sita baadaye. Niliisoma tena uchochoroni, na safari hii niliisoma polepole tangu mwanzo. Kwa kuwa ndani ya kisiwa hakijabaki kitu chochote cha ujenzi wa asili, kamati haina la kulinda isipokuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya barabarani, wenye vigae na roshani. Ya nyuma yanaweza kubomolewa.

"Nyumba ya Barbosa wanailinda?" Zulmira akauliza. "Ya Barbosa?"

"Alikula keki yetu!" Mzee Custódio akasema. "Alikaa akala keki!"

Bibi aliingia ndani. Kesho yake nilimkuta amepiga magoti kwenye kona ya sebule, ana kitambaa na sabuni, anasugua jasi mahali palipokuwa na alama ya kidole.

"Aliangalia hapa," akasema. "Nilimwona. Nilijua kuna mahali tumepasahau."

Siku iliyofuata alisugua tena. Alisugua kizingiti, alisugua chini ya sinki, alitoa kila kitu kabatini akakipangusa, kwa ajili ya nyumba itakayobomolewa Agosti. Siku ya nne jasi ile ilianza kulainika na kubanduka kwa maji, na yeye anaendelea tu, anasema kumbe hapa, kumbe ni hapa. Sikuweza kuvumilia.

"Bibi, acha. Haikuwa uchafu."

"Ilikuwa nini basi?"

"Alitaka akute kama palivyokuwa. Birika na vyoo na kuta. Alisema. Alitaka masizi."

"Alikuambia nani?"

"Yeye. Kule Douro, kwenye banda. Ndiye yeye alikuwa anatutembeza. Alisema Alhamisi anakuja Fontainhas na anaomba akute hatujagusa."

Bibi alikuwa bado kapiga magoti. Aligeuka na kitambaa kinamdondokea maji kwenye sketi.

"Lini hiyo?"

"Jumapili."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu, Jumatatu vyoo, Jumanne kuta, Jumatano birika. Midomo ilikuwa inatembea kama akiwa na rozari.

"Nilitaka kukuambia ile jioni," nikasema. "Ulicheka. Halafu nikaona haya."

"Haya," akasema Bibi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alijaribu kuinuka, nikampa mkono, hakuushika, akashika meza. Akakaa muda mrefu akitazama pale palipobanduka.

"Custódio asijue," akasema mwishowe. "Birika alilivunja kwa mikono yake. Akijua atakufa. Umenisikia? Ulijua kunyamaza, sasa nyamaza."

Ndicho kitu kirefu cha mwisho alichoniambia mpaka tunahama. Aliendelea kunipikia, aliendelea kuniwekea blauzi ya shule kwenye kiti. Ila zamani alikuwa ananihadithia akikaanga vitunguu, mambo ya milimani, ya ngoma, ya viroboto. Sasa alikuwa anakaanga vitunguu tu.

Gari la shangazi Piedade lilikuja Jumamosi moja ya Julai. Zulmira alikuwa ameshakwenda kwa mwanawe Valongo. Mzee Custódio alikuwa anasubiri nafasi kwenye nyumba ya wazee, na alikuja kutusaidia ingawa mgongo haumruhusu, na muda wote alikuwa anamtukana yule msanifu. Alishakuwa na maneno yake aliyoyazoea.

"Mwanamke yule hana moyo," alisema, ameshika taa ya kusomea kama mshumaa wa maandamano. "Bi Ermelinda, nakuambia. Mtu aliyeona tulivyofanya kazi siku nne, akanyamaza, akala, akaenda kuandika vile. Hana moyo kabisa."

Bibi alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo, lililofungwa kamba. Alinitazama mimi.

"Hana, Custódio," akasema.

Kisha akaniambia nishike upande wa chini, kwa sababu upande wa chini ndio mzito. Nikashika.